Shamba Safi, Mparachichi Mgonjwa

Kabianga na vijiji vingine vingi vya Kericho na Bomet vina imani moja kuhusu parachichi: shamba la mkulima hodari ni lile lililolimwa mpaka shinani, likafagiliwa majani, likabaki udongo mwekundu mtupu. Usafi huo ndio unaoua miti.

Adui mkubwa wa mparachichi katika nchi ya mvua ni ugonjwa wa kuoza mizizi. Huletwa na Phytophthora cinnamomi, kiumbe kilichotambuliwa mwaka 1922 kwenye midalasini ya Sumatra. Hufanana na kuvu, ila kwa ukoo kiko karibu zaidi na mwani, na vijimbegu vyake vina mikia ya kuogelea. Maji yakituama udongoni, vijimbegu hivyo huogelea hadi kwenye mzizi. Dalili zake hudanganya: majani hupauka na kunyauka hali ardhi imelowa, ncha za matawi hukauka, matunda hubaki madogo. Mwenye shamba hudhani mti una njaa, akaongeza mbolea ya dukani, kumbe mizizi ya kunyonya imekwisha kuwa myeusi na huvunjika ikiguswa.

Mizizi hiyo hukaa juujuu, mingi ndani ya sentimita 30 za kwanza, kwa hiyo kila palizi ya jembe huikata. Mvua nayo ikipiga udongo mtupu huufunga uso; maji hushindwa kuzama, hutiririka bondeni na kuupitisha ugonjwa mti kwa mti. Kwao mparachichi, katika misitu ya milimani ya Meksiko na Amerika ya Kati, hakuna anayefagia: mti hujitandikia majani yake. Hata Kabianga, ukifunua majani yanayooza chini ya mti wenye afya utakuta mizizi myeupe imepanda kuyafuata.

Matandazo hayo hufanya zaidi ya kutunza unyevu. Kuvu na bakteria wanaoozesha majani na vipande vya mbao hutoa vimeng'enya vinavyovunja selulosi. Kuta za seli za Phytophthora zina selulosi, tofauti na za kuvu wa kweli, basi nazo huvunjwa pamoja na takataka. Kwenye mlima Tamborine, Queensland, Australia, mkulima aitwaye Ashburner alipanda mimea ya kufunika ardhi kati ya miparachichi, akaweka samadi ya kuku na chokaa. Utafiti wa Broadbent na Baker, uliochapishwa 1974, ulionyesha kwamba udongo wa namna hiyo huuzuia ugonjwa hata kama vimelea vyake vimo. Chokaa inaigusa Kabianga moja kwa moja: shamba lililong'olewa chai huwa na asidi nyingi kuliko mparachichi unavyopenda.

Ajabu ni kwamba wakulima wa chai wanalijua somo hili. Chai ikipogolewa, ushauri wa wataalamu ni kuacha matawi palepale yaoze. Mkulima huyohuyo akivuka hadi kwenye parachichi, hushika ufagio!

Wanaotetea usafi wana hoja. Nyoka hujificha kwenye majani, na mabua ya mahindi yanatakiwa na ng'ombe. Hofu ya nyoka hupungua matandazo yakiachwa shubiri moja au mbili kutoka shinani, hatua ambayo pia huzuia gome kuoza. Ng'ombe ale mabua, lakini samadi yake irudi shambani ikiwa imeoza; samadi mbichi, hasa ya kuku, hutoa amonia inayounguza mizizi. Tithonia iliyoota kwenye ua haigombaniwi: ikatwe itandazwe.

Dawa za fosfiti zinazodungwa shinani husaidia kweli, ila haziufuti ugonjwa udongoni, na lazima zirudiwe. Matandazo nayo hayaponyi mti uliokwisha kupoteza mizizi yake yote, na hakuna jani litakalouokoa mparachichi uliopandwa kwenye kinamasi. Mahali pake ni mteremkoni, juu ya tuta, maji yapite.

Ugonjwa huingia shambani kwa udongo wa kitaluni, kwa jembe la kuazima na kwa viatu vyenye matope. Mche wenye mizizi myeusi urudishwe kwa muuzaji kabla haujafika shimoni.