Pata Potea Si Nusu kwa Nusu

Vijana wetu wana kauli moja ambayo huitumia kila wanapotaka kuhalalisha jambo la kubahatisha. Husema, "Ni pata potea, ama nitashinda, ama nitashindwa." Kauli hiyo haina ila kisarufi, wala haina uongo ndani yake. Hatari imo katika hitimisho linaloifuata kimya kimya: kwamba madhali matokeo ni mawili, basi kila moja lina nusu yake. Kwa maoni yangu, hitimisho hilo ndilo adui mkubwa ambaye mwalimu hana budi kukabiliana naye anapofunza uwezekano katika sekondari msingi. Na silaha ya kwanza ya kumkabili si fomula, bali ni lugha.

Huenda walimu wa hisabati wakashangaa kumwona mtu wa isimu akibisha hodi mlangoni mwao. Lakini mtaala wa umilisi, ambao kundi lake la kwanza liliingia Gredi ya 9 mwaka 2025, umelitia somo hili mikononi mwa watoto wa umri wa miaka kumi na minne hivi. Watoto hao hawaji darasani mikono mitupu. Wamekwisha kusema "labda", "pengine", "huenda" na "yamkini" tangu walipojua kuzungumza. Mwalimu anayeanza kwa kuandika sehemu na desimali ubaoni, bila ya kuyagusa maneno hayo, anajenga ghorofa na kuuacha msingi uliokwisha kuchimbwa.

Tulitazame neno "labda". Asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni kwamba hakuna njia ya kuepuka. Waswahili walipolipokea waliligeuza likawa neno la shaka. Hata hivyo, maana ya kale haikupotea. Imesalia katika "sina budi" na "hapana budi". Mzizi mmoja umetuzalia ncha mbili, lazima na shaka. Mwanahisabati hulipa jambo la lazima tarakimu 1, na jambo lisilowezekana katu hulipa 0. Kila "labda" tunayoitamka hukaa mahali fulani kati ya tarakimu hizo mbili, na kazi ya somo hili ni kupatafuta mahali hapo.

Chukua pia neno "pengine". Limeundwa kwa kiambishi cha mahali, na linatukumbusha kwamba zaidi ya mahali hapa pana mahali pengine. Anayesema "pengine mvua itanyesha" amekwisha kukiri kwamba jambo lina njia zaidi ya moja. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya hesabu yenyewe: kuziorodhesha njia zote kabla ya kuuliza ipi itafuatwa.

Taabu inatokana na neno tulilolifanya istilahi. Katika mazungumzo ya kila siku, "uwezekano" hujibu swali la ndiyo au la: jambo linawezekana, au haliwezekani. Katika hisabati, neno hilo hilo hujibu swali la kiasi gani. Sipendekezi tulitupe, kwa maana limekwisha kuzoeleka. Ninalopendekeza ni kwamba mwalimu asiliache litembee peke yake. Kila mwanafunzi anaposema "kuna uwezekano", na aulizwe papo hapo, "Wa kiasi gani?"

Vifaa vya kulijibia swali hilo havihitaji fedha nyingi. Sarafu ya shilingi 20 iliyotolewa mwaka 2018 ina ndovu upande mmoja na nembo ya taifa upande wa pili. Irushwe mara mbili. Wanafunzi wengi watasema matokeo ni matatu: ndovu wawili, nembo mbili, au mchanganyiko, na kwamba kila moja ni theluthi. Waorodheshe kwa utaratibu: ndovu na ndovu, ndovu na nembo, nembo na ndovu, nembo na nembo. Njia ni nne, na mchanganyiko una mbili kati yake. Kwa hiyo uwezekano wake ni nusu. Mwanafunzi aliyeteleza hapo asichekwe. Jean d'Alembert, mwanahisabati mashuhuri wa Ufaransa, aliandika katika ensaiklopidia ya mwaka 1754 kwamba uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja katika mirusho miwili ni theluthi mbili, ilhali ni robo tatu.

Baada ya sarafu, na kirushwe kifuniko cha chupa ya soda. Nacho kina pande mbili, lakini umbo lake halina ulinganifu. Darasa likirushe mara 100, lihesabu, kisha lilinganishe na sarafu. Hapo mwanafunzi atajionea kwa macho yake kwamba matokeo mawili si lazima yawe na uzito mmoja. Somo hilo moja litamfaa kuliko kukariri kanuni kumi.

Sasa turudi kwenye pata potea. Mchezo wa barabarani wenye jina hilo huchezwa kwa karata tatu. Hata tukichukulia kwamba mchezeshaji ni mwaminifu, jambo ambalo ni nadra, karata ya kupata ni moja na za kupotea ni mbili. Maneno ni mawili, lakini karata ni tatu. Lugha imeificha karata moja.

Kamari si mgeni kwetu. Maneno "karata", "dadu", "kopa", "uru", "pau" na "shupaza" yote yana asili ya Kireno, na ni ushahidi kwamba michezo hii ilifika pwani na mabaharia zamani. Hesabu ya kuipima nayo ilizaliwa mezani pa wacheza kamari: mwaka 1654 Blaise Pascal na Pierre de Fermat waliandikiana barua kuhusu jinsi ya kugawana fedha za mchezo uliokatizwa kabla ya kwisha. Michezo tuliipokea mapema. Hesabu yake tumechelewa kuwapa watoto wetu.

Leo mchezo umehamia kwenye simu, na tiketi yake imepewa jina la kistaarabu la "mkeka". Kijana hukusanya mechi nne ambazo, kwa makadirio yake, kila moja ina uwezekano wa 0.7. Huziona zote kuwa karibu na hakika. Lakini ili mkeka ushinde sharti zote nne zitimie, na 0.7 ikizidishwa yenyewe mara nne huwa 0.2401, pungufu ya robo. Ama zile zawadi nono za kubashiri mechi 17, kila mechi ina matokeo matatu: kushinda, kushindwa au sare. Tatu ikizidishwa hivyo mara 17 huzaa njia 129,140,163. Hata bingwa wa kabumbu anayebashiri sawasawa mechi moja katika kila mbili ana fursa moja tu kati ya 131,072. Karo iliyoliwa na mkeka hairudi kwa sababu mwenyewe alikuwa na imani.

Isitoshe, kamari si uwanja pekee wa somo hili. Mama aliyejaliwa binti watatu huambiwa kwamba wa nne sasa lazima awe mvulana. Akizaliwa binti tena, hulaumiwa. Sarafu haina kumbukumbu, wala uzazi hauna deni la kulipa. Kila mimba huanza hesabu yake upya, na uwezekano hubaki karibu na nusu. Vivyo hivyo kwa ugonjwa wa selimundu, ambao familia nyingi za magharibi mwa Kenya na za Pwani zinaujua vyema. Wazazi wawili wanaobeba chembe ya urithi ya ugonjwa huo bila ya kuugua wana uwezekano wa robo, katika kila mimba, wa kupata mtoto mgonjwa. Wengine huielewa robo hiyo kuwa mmoja akishaugua, watatu wafuatao wamesalimika. Ufahamu huo ni wa makosa, na gharama yake hulipwa na watoto.

Mwaka 2023, wataalamu wa hali ya hewa walitabiri kwamba mvua za Oktoba hadi Desemba zingezidi wastani. Umma ulitaka jibu la ndiyo au la, na ukazama katika mabishano ya iwapo El Niño ingekuja au isingekuja. Mafuriko yaliyofuata yaliua watu zaidi ya 100 nchini. Jamii isiyojua kusoma "labda" yenye kiasi husubiri hakika, na hakika aghalabu huja pamoja na maji.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa hisabati na wa Kiswahili waketi meza moja. Mwalimu wa Kiswahili anapofunza -ki-, -nge- na -ngali-, aonyeshe kwamba "ukija", "ungekuja" na "ungalikuja" hazibebi shaka ya namna moja. Mwalimu wa hisabati apokee hapo, aitie shaka hiyo kwenye mizani. Nanyi wanafunzi, mtu akiwaambia kwamba jambo ni pata potea, msiridhike na hayo maneno mawili. Mwambieni azifunue karata zote, mzihesabu.