Sayuni ya Kwaya na Mzayuni wa Gazeti

Katika lugha yetu ya Kiswahili kuna neno moja lililogawanywa nusu kwa nusu, na kila nusu ikakabidhiwa jirani mmoja. Neno hilo ni Sayuni. Mkristo wa hapa Songambele akilisikia, humjia moyoni mlima mtakatifu, maskani ya waliookoka, na pengine jina la kwaya iliyoimba katika arusi ya binti yake. Mwislamu wa kitongoji hicho hicho hulipokea kwa sura nyingine, Mzayuni, iliyotufikia kwa njia ya Kiarabu na kuenezwa na magazeti ya Kiislamu. Naye humjia tingatinga likibomoa nyumba na mtoto aliyefukiwa na kifusi. Asili ya maneno hayo ni moja. Majirani hawa hununua chumvi katika duka moja na kupeleka kahawa katika chama kimoja cha msingi, lakini inapotajwa Palestina kila mmoja humshangaa mwenzake kwa ugumu wa moyo.

Hali ni hiyo hiyo kwa jina la Israeli. Kiswahili hakina neno moja la Bani Israili wa zama za Nabii Musa na jingine la dola iliyotangazwa tarehe 14 Mei 1948. Mtangazaji akisema kuwa Israeli imeshambulia, msikilizaji mmoja hulisikia taifa teule likijitetea, na mwingine huisikia dola yenye ndege na vifaru. Mtangazaji hajasema uongo wowote, na tayari upendeleo umekwisha kufanya kazi yake. Twasisitiza jambo hili kwa kuwa wengi wetu hudhani kwamba upendeleo wa vyombo vya habari ni uongo mtupu. Mara nyingi sivyo. Huwa ni habari ya kweli iliyochaguliwa: nani atajwe kwa jina, nani aachwe, na hadithi ianzie siku gani.

Wasiojua historia hudhani kuwa Uzayuni ni jambo la mbali. Mwaka 1903 Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, aliwapa Wazayuni waliokuwa wakiongozwa na Theodor Herzl ahadi ya ardhi katika Afrika Mashariki. Uliitwa Mpango wa Uganda, ijapokuwa ardhi yenyewe ni uwanda wa Uasin Gishu, ulio Kenya. Mkutano Mkuu wa Wazayuni uliokutana Basel mwezi Agosti mwaka huo ulipiga kura 295 dhidi ya 178 kutuma tume ya kuikagua, na mwaka 1905 ukaikataa ardhi hiyo. Katika muda huo magazeti hayakunyamaza. Gazeti la African Standard la Mombasa lilikuwa sauti ya walowezi waliopinga, na Lord Delamere alipeleka simu ya maandishi kwa gazeti la The Times la London kulalamika. Hoja yao ilikuwa kwamba Mayahudi maskini kutoka Ulaya ya Mashariki wasipewe ardhi iliyowafaa Waingereza. Wanandi na Wamasai, waliokuwa wakichunga mifugo katika nyanda hizo, hawakuulizwa na upande wowote. Msomaji wa London aliweza kumhurumia Myahudi au kumchukia, kumuunga mkono mlowezi au kumpinga; Mnandi hakuwamo katika habari, na asiyekuwamo katika habari hana haki ya kudhulumiwa.

Oktoba 1905 kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, aliuawa na afisa Mwingereza Richard Meinertzhagen katika kikao kilichoitishwa kwa jina la mazungumzo ya amani. Afisa huyo baadaye alipelekwa Palestina, akawa miongoni mwa watetezi wakubwa wa Uzayuni katika utawala wa Kiingereza. Shajara zake zilitumiwa kwa miaka mingi kama ushahidi, mpaka watafiti walipoonesha kuwa sehemu kubwa aliitunga baadaye. Hivi ndivyo baadhi ya tunayoyaita historia yalivyotengenezwa.

Sisi wa Mkoa wa Kagera tunao ushahidi wetu wa karibu zaidi. Idi Amin alipata mafunzo ya miavuli nchini Israeli, na Waisraeli walilifundisha jeshi la Uganda hadi alipowafukuza mwezi Machi 1972 na kumkumbatia Gaddafi wa Libya. Septemba mwaka huo alimpelekea Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kurt Waldheim, simu ya kumsifu Hitler kwa kuwaua Mayahudi. Kisha ikaja Entebbe, Juni na Julai 1976, mateka wa ndege ya Ufaransa wakaokolewa na makomando wa Israeli. Kabla ya miezi saba kupita, televisheni za Marekani zilikuwa zimekwisha kuonesha filamu mbili juu ya kisa hicho, nazo zimeonwa duniani kote. Mtazamaji huijua Uganda kama pazia la nyuma tu, na askari wa Kiganda waliouawa usiku ule, makumi yao, hawana majina.

Novemba 1978 Amin alitangaza kuwa ardhi yetu hadi Mto Kagera ni yake. Daraja la Kyaka likavunjwa, watu wakakimbia na kuacha migomba na ng'ombe. Libya ilimpelekea askari, na wapiganaji wa Kipalestina nao walikuwa upande wake. Hapo palikuwa na nafasi nyepesi kabisa ya kuigeuza hasira ya Watanzania iwaangukie Wapalestina, Waarabu na Waislamu kwa jumla. Haikugeuzwa. Ofisi ya chama cha ukombozi wa Palestina, PLO, ilibaki Dar es Salaam, na serikali iliendelea kuitetea Palestina.

Tunaona sababu mojawapo kuwa ni namna jambo lenyewe lilivyokuwa limeelezwa kwa wananchi tangu mapema. Oktoba 1967, mjini Mwanza, Mwalimu Nyerere alieleza kuwa kuundwa kwa Israeli kulikuwa ni uchokozi dhidi ya Waarabu, ambao mataifa yaliufumbia macho kwa sababu ya mateso waliyoyapata Mayahudi. Kwamba hata hivyo dola hiyo ipo na Tanzania inaitambua. Na kwamba haiwezi kukubaliwa ijitwalie ardhi kwa vita. Msikilizaji alipewa mambo matatu ayabebe kwa pamoja. Magazeti na redio ya serikali ya wakati ule yalikuwa na aibu zake, hasa ya kusifu na kuficha, lakini katika jambo hili yalimheshimu mwananchi kuliko tunavyoheshimiwa leo. Tanzania ilivunja uhusiano na Israeli mwaka 1973, ikaunga mkono azimio la Umoja wa Mataifa la 1975 lililouita Uzayuni kuwa aina ya ubaguzi wa rangi, ikajizuia kupiga kura azimio hilo lilipofutwa mwaka 1991, ikarudisha uhusiano mwaka 1995, na mwaka 2018 ikafungua ubalozi Tel Aviv. Ni raia wangapi walioelezwa sababu za kila hatua?

Tangu miaka ya 1990, ilipofunguliwa milango ya vyombo binafsi, kila umma umejipatia redio yake na gazeti lake. Wafuasi wa Uzayuni katika nchi yetu si Mayahudi. Ni Wakristo, hasa wa makanisa ya kiroho, wanaoamini kwa ikhlasi kuwa kuibariki dola ile ni ibada. Na redio zao huwaeleza habari za bunduki kwa lugha ya mahubiri. Kwa upande mwingine, baadhi ya magazeti ya Kiislamu huanza ibara ya kwanza kwa dola ya Israeli, na kufika ya tatu tayari ni Mayahudi wote, wa zamani na wa sasa. (Wazee wetu walisema Mayahudi bila dharau yoyote, dharau ni ya waandishi wa leo.)

Tarehe 7 Oktoba 2023 watu wapatao 1,200 waliuawa nchini Israeli, na 251 wakachukuliwa mateka. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo. Hadi Julai 2025 Wizara ya Afya ya Gaza ilikuwa imehesabu Wapalestina zaidi ya 60,000 waliouawa. Waandishi wa kigeni walizuiwa na Israeli kuingia Gaza kwa hiari yao, na waandishi wa Kipalestina zaidi ya 200 waliuawa kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa. Hizo zote ni habari za vita moja, lakini asikilizaye redio moja tu huzipata kwa vipande. Mwenye kuililia Gaza bila kuwajua vijana wawili wa nchi yake, na mwenye kuwajua vijana wale bila kuijua Gaza, wote wawili wamenyimwa.

Aidha, waziri wa ulinzi wa Israeli alisema mwezi huo wa Oktoba kuwa wanapigana na wanyama wenye sura ya binadamu. Na wako wahubiri wa upande wetu wanaowaita Mayahudi watoto wa nyani na nguruwe. Watu wa Karagwe na Kyerwa hawahitaji kufundishwa maneno kama hayo huishia wapi. Mwaka 1994 Mto Kagera uliteremsha maiti kutoka Rwanda, ambako redio ya RTLM ilikuwa imewaita binadamu mende. Desemba 2003 Mahakama ya Arusha iliwatia hatiani watu watatu kwa kazi ya redio hiyo na gazeti la Kangura. Mwislamu ameamrishwa katika Suratul Hujurat kuichunguza habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, na katika Suratul Maida kutoiacha chuki imtoe katika uadilifu. Amri hizo hazikutoa ruhusa kwa habari zinazotupendeza.

Huko Mbale, mashariki ya Uganda, wapo Abayudaya, Waafrika walioshika dini ya Kiyahudi tangu mwaka 1919 wakimfuata Semei Kakungulu. Amin aliwapiga marufuku ibada yao kwa kosa la dola ambayo hawakuwa raia wake. Mwaka 2004 wakulima wa jamii hiyo walianzisha pamoja na jirani zao Waislamu na Wakristo chama cha ushirika cha kahawa, Mirembe Kawomera, jina la Kiganda lenye maana ya amani tamu. Msomaji wa Songambele, mkulima wa kahawa, ambaye amewahi kulisikia jina hilo katika redio ya upande wowote ule, na atuandikie.