Shangazi, weka fagio chini: uani kuna wenyeji

Watu wa Dar tuna ugonjwa mmoja ambao daktari hajaupatia dawa. Mtu akishapata kaeneo kake huko shamba, jambo la kwanza ni kuita katapila. Linafyeka mpaka ardhi inabaki kipara. Halafu bwana mkubwa anajenga jumba la vyumba sita, anazungusha ukuta wenye vipande vya chupa juu, anapanda nyasi za kununua. Jumamosi anakaa barazani na soda yake, anatazama huku na huku, kisha analalamika: "Mbona huku hakuna hata ndege?"

Ebo! Ndege gani atue kwenye kipara chako?

Msomaji wangu, leo naomba tutoke kidogo mjini. Ukishapita Gongo la Mboto na Pugu, barabara inaanza kupanda vilima kuelekea Kisarawe. Hapo hewa inabadilika, na kama dirisha la daladala linafunguka utasikia harufu ya majani mabichi. Huo ndio msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, ambao siku hizi ni Hifadhi ya Mazingira Asilia. Haufiki kilomita 30 kutoka Posta, lakini wangapi kati yetu tumewahi kukanyaga humo? Tunauona kwa kioo tu, tukienda msibani.

Shamba aliloacha marehemu baba liko upande huo. Ni eka nne. Juu, karibu na njia ya gari, kuna mikorosho na miembe. Katikati minazi. Chini bondeni kuna kichaka kizito chenye miti mikubwa, ambacho baba katika uhai wake hakukigusa. Ukiuliza kwa nini, anajibu kwa mkato: "Kile si changu." Kichaka hicho kimeshikana na miti ya msitu kama watu walioshikana mikono.

Tuko wanne tuliozaliwa, wanaume watatu na mimi. Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria mwaka 2024 na kusimama pale Pugu, madalali wa viwanja wameota mbawa. Kaka yetu mkubwa akaja na daftari lake. Eka moja, ukitoa njia, inatoa viwanja vinane vya mita 20 kwa 20. Eka nne, viwanja 32. Akapiga hesabu, akapigia mstari mwekundu, akatutazama.

Sitaki umuone kaka mtu mbaya. Ana mtoto chuo kikuu, ana mwingine kidato cha tano, na mguu wa wifi unahitaji matibabu. Pesa haina adabu, ikihitajika inahitajika. Lakini nami nilikuwa na langu la kusema. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zilishaweka wazi kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Kwa hiyo binti wa mzee naye ana kiti kwenye kikao, si kazi yake kupakua pilau tu.

Nikawaambia: "Nipeni mimi bondeni." Wakacheka. Bondeni nani anapataka? Gari halifiki, jua halifiki. Wakanipa, ingawa kwa maneno tu. Maandishi yatafuata kikaoni.

Basi mimi na baba watoto tukaanza kujenga. Vyumba viwili, baraza, na jiko la nje. Pembeni mwa kichaka kulikuwa na mahali ambapo zamani baba alikuwa na kibanda cha kulinda korosho, ardhi yake tayari iko wazi. Tukaweka nyumba papo hapo, bila kukata mti hata mmoja. Fundi alipima msingi, akasimama, akajikuna kichwa.

"Mama, hii nyumba au banda la kuku?"

"Fundi, wewe jenga. Kuku nitakuwa mimi."

Tofali tulitumia zile za udongo na saruji zinazoshindiliwa kwa mashine ya mkono na kukaushwa tu. Za kuchoma tulizikataa, maana tanuri la tofali linakula kuni kama harusi ya siku saba, na kuni za jirani na msitu zinatoka wapi kama si msituni? Juu tukaweka bati na mfereji wa kukusanya maji ya mvua. Madirisha tukayapiga wavu. Taa ni za sola, ndogo, na ile ya nje inamulika chini, si juu ya miti. Nimeeleza yote haya kwa sababu kila kimoja kina maana yake usiku ukiingia.

Usiku wa kwanza tulilala sisi, watoto, na shangazi. Saa tatu hivi, mtoto akalia nje. Kilio kirefu, cha mtoto mchanga aliyenyimwa ziwa. Binti yangu wa mwisho akanirukia. "Mama, kuna mtoto katupwa!" Shangazi wala hakugeuka kitandani. "Lala. Huyo komba."

Komba, msomaji, ndiye mwenye mtaa usiku. Macho makubwa kama vifungo vya koti, mkia mnene, na anaruka toka mti hadi mti kama kondakta aliyeona abiria. Anakula matunda, anakula wadudu, na akiona kibuyu cha mgema kimening'inia mnazini, anaingiza kichwa bila kuuliza bei. Ndiyo maana wazee husema fulani amelewa kama komba. Jirani yetu mgema anasema kuna asubuhi humkuta mmoja amelala chini ya mnazi, hajijui hajitambui, na hakuna wa kumdai.

Ndani ya msitu huohuo yuko komba mwingine, mdogo ajabu, ana uzito wa gramu 60 hivi na mkia kama brashi ya kuoshea chupa. Wataalamu wanamwita komba wa Rondo, kwa jina la uwanda ulioko Lindi, na walimtambua rasmi kama aina ya peke yake katika miaka ya 1990. Duniani kote anaishi kwenye misitu michache tu ya pwani ya Tanzania. Hayuko Ulaya, hayuko Marekani, hata kwa jirani zetu Kenya hayuko. Amewahi kuwekwa kwenye orodha ya wanyama 25 wa jamii ya nyani na kima walio hatarini zaidi kutoweka. Na makazi yake mojawapo ndiyo haya, pua na mdomo na jiji la mamilioni ya watu wanaopikia mkaa.

Lakini aliyenipa usingizi wa mang'amung'amu si komba. Ni njule.

Alfajiri ya siku ya tatu nilikuwa barazani na kikombe cha chai. Kimya. Mara nasikia majani makavu yanalia, chaka-chaka-chaka. Katoka kanyama kana pua ndefu kama kamkonga, miguu myembamba kama njiti, mbele rangi ya kutu, nyuma mweusi tii, utafikiri kavaa suti mbili nusunusu. Anapekua majani kwa ile pua, anatoa jongoo, anamtafuna, anasogea. Hakuniona, au aliniona akanidharau.

Wengine humwita sange, na wapo wanaomfananisha na panya. Si panya! Waliochunguza vinasaba wanasema undugu wake uko karibu zaidi na tembo kuliko panya, japo uzito wake ni kama nusu kilo. Dume na jike hushika eneo moja na kulilinda, lakini muda mwingi kila mmoja yuko kivyake. Ndoa nyingi za mjini nazo ziko hivyohivyo, tofauti ni kwamba njule hawagombani kuhusu simu. Na usiku hulala ndani ya rundo la majani analolipanga mwenyewe chini ya miti. Ukipita utasema ni takataka tu.

Hapo ndipo vita ilipoanza. Siku ya nne shangazi aliamka mapema kuliko jogoo, akashika fagio la chelewa, akaanza. Mie nasikia shwaa, shwaa, shwaa. Kutoka nje, ameshasafisha mpaka mlango wa kichaka na kiberiti kiko mkononi achome majani.

"Shikamoo shangazi. Naomba uache."

"Marahaba. Niache nini?"

"Hayo majani. Kuna wanyama wanaishi humo."

Akanitazama kama mtu aliyesikia habari za msiba. "Mwanangu, uchafu huu ndio unaoita nyoka. Na watu wakipita hapa watasema nyumba hii haina mwanamke."

Jamani, mwanamke yeyote aliyelelewa Pwani anajua uzito wa neno hilo. Uwanja uliofagiwa ndiyo heshima ya nyumba. Na kuhusu nyoka, shangazi hakusema uongo. Kifutu ana rangi ya majani makavu, analala humo humo, na hakimbii ukimkaribia. Anakusubiri umkanyage.

Tukakaa chini tukazungumza. Mwisho tukakubaliana: hatua kumi kuzunguka nyumba, njia ya choo na njia ya kisimani ni za shangazi, afagie mpaka ardhi ing'ae. Zaidi ya hapo, fagio halivuki. Baba watoto akapanga mawe kuonyesha mwisho, na shangazi akayabatiza jina: Namanga. Hakuna mtoto kuvuka Namanga bila viatu, na usiku hakuna mtu kutembea bila tochi.

Wiki ya pili nikamsikia shangazi ananong'ona dirishani: "We! Amka. Wageni wako wamefika, wawili." Tangu hapo yeye ndiye mlinzi mkuu. Amewapa na majina, lakini kanikataza kuyaandika gazetini.

Hatukuishia kwa njule. Kuna kororo, wale kanga wenye kishungi cha manyoya kichwani, wanapita jioni kwa mstari kama wanafunzi. Kuna hondohondo, wenye midomo mikubwa, wanapiga kelele juu ya mkuyu kama wamachinga wanaogombea meza. Kuna kima wanaokuja kukagua maembe. Hawa wa mwisho ni wezi, sitawatetea.

Sasa turudi kwenye daftari la kaka. Mwezi uliopita alikuja na dalali, Jumamosi, mvua ikawakamata, wakalala. Asubuhi njule akatoka kama kawaida yake. Mtoto wa kaka, kijana wa kidato cha tano ambaye kichwa hakitoki kwenye simu, akaiweka simu chini. Dalali akauliza: "Huyu analiwa?" Kaka akanyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza swali ambalo bado liko kooni mwangu.

"Dada, huyu mnyama analipa ada?"

Halipi. Nikisema analipa nitakuwa namdanganya ndugu yangu wa damu. Lakini nami nilimuuliza la kwangu. Viwanja 32 ni nyumba 32, kuta 32, majiko 32 ya mkaa. Mtu wa kiwanja cha chini atalifyeka hili bonde siku ya kwanza. Njule hapandi daladala kuhamia Morogoro. Akikosa kivuli na majani ya kupekua, kwake ni mwisho. Na pesa ya kiwanja, tuseme ukweli, ina miguu. Ikishapita ada ya mwaka huu na wa kesho, mjukuu wako utampeleka wapi umwambie hapa ndipo alipokaa babu yako?

Pendekezo langu lipo mezani. Eka moja ya juu, ile ya barabarani, iuzwe, pesa iende kwenye ada na mguu wa wifi. Sehemu yangu ya fedha hiyo nimemwachia kaka. Mikorosho na minazi ya katikati ibaki ya wote, tugawane mavuno. Bondeni pasikatwe mti, na liandikwe hivyo kwenye karatasi, tusaini wote wanne mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Wadogo zangu mmoja amekubali, mwingine anazungukazunguka. Kaka amesema atafikiria. Kikao ni baada ya korosho kuvunwa.

Wewe mwenye kaeneo kako, iwe Kisarawe, Mkuranga au Bagamoyo, nikuachie machache. Jenga mahali palipo wazi tayari. Jenga padogo, maana hukwenda shamba kukaa ndani. Zunguka nyumba pawe safi kwa usalama wa watoto, lakini kipande kimoja kiache kama Mungu alivyokiweka, hasa kama kimepakana na msitu. Mbwa mfunge alfajiri. Taa ya nje imulike chini. Halafu kaa kimya na chai yako. Usiite, usirushe mkate. Watakuja wenyewe, maana wewe ndiye uliyewakuta.

Matokeo ya kikao nitakuleteeni hapa hapa. Mniombee kwa kaka. Wiki njema, na fagio lako lisivuke Namanga.