Mathayo alikaa forodhani, nasi tunapita Sirari



Ndugu zangu, tukimtaja Mtakatifu Mathayo huwa tunasema alikuwa mtoza ushuru, kisha tunaendelea na mengine. Leo tusimame kidogo mahali alipoketi. Kafarnaumu ulikuwa mji wa karibu na mpaka: huku eneo la Herode Antipa, ng'ambo ya Yordani eneo la ndugu yake Filipo. Samaki na nafaka vilipita hapo, na Mathayo alihesabu. Yesu hakumkuta hekaluni. Alimkuta kazini, penye foleni na manung'uniko. Watu wa Tarime wanapajua mahali pa namna hiyo.

Mpaka wetu walikubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, na hakuna aliyemwuliza Mkuria. Ukoo mmoja ukajikuta na shamba Tarime na wajomba Kenya. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977 mpaka ulifungwa, ukafunguliwa tena 1983. Undugu haukungoja muda wote huo.

Leo sheria iko upande wetu, na hili wengi hawalijui. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza 1 Januari 2005, Soko la Pamoja 1 Julai 2010. Kwa mfanyabiashara mdogo upo utaratibu rahisi: bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya, iliyomo katika orodha iliyokubaliwa, yenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, haitozwi ushuru wa forodha. Inahitaji cheti rahisi cha uasili, kinachotolewa hapo hapo mpakani. Ukaguzi wa afya ya mimea na chakula unabaki, na ni haki ubaki. Tenga la nyanya au gunia la ulezi kutoka Mugumu halikaribii hata robo ya kiwango hicho.

Basi kwa nini mama mwenye tenga anapita njia ya panya alfajiri, akimlipa wa bodaboda na kila anayemsimamisha? Mama mmoja aliniambia, "Baba Paroko, karatasi ni za wenye malori." Si mkaidi huyo, wala si mwizi. Anakimbia ushuru ambao haupo, na kwa kuukimbia analipa zaidi. Kisha akikamatwa porini anaitwa mtu wa magendo, na mzigo wake unapotea.

Watoza ushuru walipomwendea Yohane Mbatizaji kuuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyopangiwa (Luka 3:12-13). Lakini angalieni: neno hilo lina nguvu pale tu mlipaji naye anapojua kilichopangwa. Kiwango kikibaki kichwani mwa afisa, Yohane anahubiri bure. Kibandikwe ukutani, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo bibi anaweza kuzisoma.

Nisieleweke vibaya. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 30, uliwakemea wanaokwepa kodi za haki kwa hila. Anayevusha kahawa ya Tarime usiku anapata fedha ya haraka, na ushuru ambao ungesaidia zahanati ya kijiji chake haufiki. Bangi na ng'ombe wa wizi hupita njia zile zile. Hao siwaombei safari njema.

Tena mpaka wa haki unahitaji ukaguzi wa kweli. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu. Baada ya siku chache ikaruhusu kwa masharti, mojawapo likiwa cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Wengi tulikasirika. Lakini sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na sijaona Injili inayotupa ruhusa ya kumlisha jirani sumu. Lawama yangu ni kwa amri ya ghafla: malori tayari yako barabarani, na mkulima hana karibu mahali pa kupimia.

Uingereza ilipojitoa Umoja wa Ulaya mwaka 2020, jambo gumu kuliko mengi lilikuwa mpaka wa nchi kavu ndani ya kisiwa cha Ireland. Waliogopa vizuizi vikirudi, amani ya mwaka 1998 itatikisika. Wakahamishia ukaguzi kwenye bandari, wakagombana, wakarekebisha tena kwa makubaliano ya Windsor mwaka 2023. Wale wanatoka katika umoja na bado wanahangaika ili mkulima avuke bila kusimamishwa. Sisi tumeingia katika umoja, na mama wa nyanya bado anajificha.

Maafisa wengi wa mpakani ni waamini wetu, tunakomunika pamoja. Nawaomba maparoko wa Jimbo la Musoma huku na wenzetu wa Homa Bay kule, pamoja na kina mama wa WAWATA, wawaalike baada ya Misa. Dakika ishirini zinatosha. Tenga la nyanya liwekwe mbele, afisa aonyeshe cheti kinavyojazwa, kwa Kiswahili na kwa Kikuria, na kina mama waulize mpaka waishiwe maswali.