Njia za mifugo Mara: Haki isiyoandikwa hupotea

Na Mwandishi Wetu, Musoma

MTALII anayefika katika eneo la uwekezaji la Grumeti, mkoani Mara, anaweza kupanda farasi na kupita katikati ya makundi ya nyumbu na pundamilia, akiongozwa na mtaalamu mwenye kibali. Katika mkoa huo huo, mfugaji wa Hunyari au Mariwanda, wilayani Bunda, akivuka mpaka wa Pori la Akiba la Grumeti na ng'ombe wake kutafuta majani, huwa ametenda kosa la jinai.

Kwa wengi picha hizo mbili ni ushahidi tosha wa dhuluma: mwenye fedha hupita, mwenyeji huzuiwa. Hata hivyo, ukiliangalia jambo hilo kwa undani, hoja hiyo haitoshi kumsaidia mfugaji. Swali lenye manufaa zaidi ni jinsi aliye juu ya farasi alivyopata njia, na jinsi mwenye ng'ombe anavyozidi kuipoteza ya kwake hata nje ya hifadhi, ndani ya ardhi ya kijiji chake mwenyewe.

Mipaka iliyosogea

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951. Mwaka 1959 mipaka yake ilibadilishwa na Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo lenye utaratibu wake. Kwa upande wa magharibi, hifadhi hiyo inanyoosha mkono hadi karibu na Ghuba ya Speke katika Ziwa Victoria, ikipita kusini mwa Bunda. Mwaka 1994 mapori ya Grumeti na Ikorongo yalipandishwa hadhi kuwa mapori ya akiba, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 eneo la takriban hekta 140,000 linalojumuisha mapori hayo limekuwa chini ya mwekezaji wa utalii anayeshirikiana na Serikali katika ulinzi.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, ilikaza kamba zaidi. Inakataza kuchunga mifugo ndani ya pori la akiba, na katika pori tengefu inataka mfugaji awe na kibali cha maandishi. Katika hifadhi ya taifa katazo ni la tangu zamani.

Hatua ya karibuni zaidi iliigusa Kata ya Nyatwali, katika Halmashauri ya Mji wa Bunda. Serikali iliamua kuitwaa kata hiyo ili wanyamapori wa Serengeti wapate njia ya kufika ziwani, na wakazi wake wakafanyiwa uthamini kwa ajili ya fidia na kuhama. Uamuzi huo ulibeba ukweli mmoja ambao wafugaji wanaufahamu kwa vitendo: mnyama, awe nyumbu au ng'ombe, hawezi kuishi kwa majani peke yake. Asiyekuwa na njia ya kufika majini hana malisho, hata kama eneo lake ni kubwa.

Farasi mmoja, ng'ombe mia

Ni vyema kuwatendea haki wahifadhi. Farasi wa watalii ni wachache, hutunzwa bandani, huangaliwa na daktari wa mifugo na hupita katika njia zinazojulikana. Kundi la ng'ombe mia halina uzito huo huo juu ya ardhi, na makundi yakiwa hamsini majani huisha.

Lipo pia suala la magonjwa. Sotoka iliyoingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 iliteketeza ng'ombe na nyati kwa pamoja. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Kwa hiyo mpaka kati ya mifugo na wanyamapori una sababu za kitaalamu, na hauwezi kuelezwa kuwa ni chuki dhidi ya wafugaji tu.

Historia nayo inaeleza kwa nini Mara haina wapanda farasi wake yenyewe. Mbung'o waliojaa vichaka vya magharibi mwa Serengeti, pamoja na ugonjwa wa farasi wa Afrika, vilimfanya farasi asidumu huku. Kazi ambazo kwingineko hufanywa na farasi, katika vijiji vya Bunda na Butiama hufanywa na maksai wanaovuta plau na punda wanaobeba maji na mazao. Anayezungumzia haki ya njia mkoani Mara anawazungumzia hao.

Somo la wapanda farasi

Hapo ndipo mfano wa Uingereza unapokuwa na maana. Nchini humo wapanda farasi wana haki ya kisheria ya kupita katika njia maalumu zinazokatiza mashamba ya watu binafsi na maeneo ya wazi. Haki hiyo haikulindwa kwa mazoea. Sheria ya mwaka 1949 ilizitaka mamlaka za wilaya na mikoa kuchora ramani rasmi za njia za umma. Sheria nyingine ya mwaka 2000 ikaweka ukomo: njia ya kale ambayo haingeingizwa katika ramani ifikapo mwaka 2026 ingeweza kupoteza hadhi yake.

Wapanda farasi hawakusubiri. Kupitia chama chao, British Horse Society, kilichoanzishwa mwaka 1947, watu wa kujitolea waliingia katika maktaba za nyaraka, wakachambua ramani za karne zilizopita na kuwasilisha maombi ya njia moja baada ya nyingine. Ukomo huo ulisogezwa hadi mwaka 2031, na Desemba 2024 serikali ya nchi hiyo ikatangaza nia ya kuufuta.

Marekani nako, chama cha Back Country Horsemen kilianzia Montana mwaka 1973 kwa msingi rahisi: anayetaka njia ibaki wazi ashiriki kuitunza. Wanachama wake hukata miti iliyoanguka na kukarabati vivuko katika misitu ya umma. Msimamizi wa msitu anayewaona wakifanya kazi hana haraka ya kuwafukuza.

Sheria ipo, ramani haipo

Tanzania haihitaji kuazima sheria kutoka nje. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inampa mwanakijiji sauti kupitia mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inaruhusu kijiji kutenga maeneo ya makazi, mashamba na malisho. Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo, Namba 13 ya mwaka 2010, inashughulikia malisho yenyewe.

Mfano wa utekelezaji upo Kiteto, mkoani Manyara. Huko vijiji vya Lerug, Ngapapa na Orkitikiti viliunganisha mipango yao na kutenga eneo la malisho la pamoja lililopewa jina la OLENGAPA, likisimamiwa na chama cha wafugaji wenyewe. Vijiji hivyo vilitambua kwamba ng'ombe hasomi mpaka wa kijiji, na kwamba njia inayoishia kwenye mpaka wa jirani si njia.

Mahali ambapo kazi hiyo haijafanyika, kinachotokea kinaeleweka. Njia ya mifugo haina mwenyewe anayeonekana. Mwaka huu mkulima anaongeza tuta moja, mwaka unaofuata mwingine anajenga banda, na mwaka wa tatu kiongozi anagawa kiwanja. Siku mfugaji atakapolalamika, hana karatasi ya kuonyesha. Anabaki kuchagua kati ya kupita kwenye mazao ya jirani na kuzaa ugomvi, au kuingia hifadhini na kupoteza mifugo.

Wakazi wa mijini wasidhani jambo hili ni la vijijini pekee. Mji wa Bunda umepanuka kufuata barabara kuu ya Mwanza hadi Musoma, na mji unapopanuka huanza kumeza malisho na mapito. Katika Manispaa ya Musoma, iliyozungukwa na ziwa, suala linakuja kwa sura ya ufukwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Pale inapopuuzwa, mchota maji, mvuvi na mtoto anayetaka kuogelea hukuta ukuta. Jijini Nairobi, mwaka 1989, sauti ya Wangari Maathai na wenzake ilisaidia kuzuia jengo refu kujengwa katika bustani ya Uhuru Park kwa sababu walipinga kabla ya msingi kuchimbwa. Kuta zikishasimama, madai huwa ya fidia.

Kazi ya wafugaji wenyewe

Butiama ni mahali alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Julius Nyerere, ambaye Septemba 1961 alitoa Azimio la Arusha juu ya wanyamapori, akiahidi kuwa taifa litawatunza. Ahadi hiyo imedumu kwa sababu iliandikwa, ikatungiwa sheria na kupewa vyombo vya kuisimamia. Njia ya ng'ombe kuelekea mtoni haijapewa hata kimoja kati ya hivyo katika vijiji vingi.

Kwa hiyo madai ya kwanza ya mfugaji wa Mara yasiwe kufunguliwa kwa Serengeti, kwani hayo yatagonga ukuta wa sheria na wa sayansi. Yaanzie ndani ya kijiji: njia zipimwe na wazee wanaozikumbuka, zijadiliwe na wakulima zinaopakana nao, zipitishwe na mkutano mkuu, ziwekewe alama na kuingizwa katika mpango wa matumizi ya ardhi pamoja na vijiji jirani. Halmashauri nazo zitenge fedha za upimaji kabla ya kuanza kutenga fedha za kusuluhisha ugomvi.

Wazee wanaojua njia hizo zilipita wapi wanazidi kupungua kila mwaka. Je, vijiji vitawauliza wakiwa bado wapo?