Adui aliyeshindwa akirudi kwenye mchezo wa video, hadithi iseme alitoka wapi

Mchezaji anamaliza mchezo wa video baada ya majuma mengi ya kupigana. Kiongozi wa maadui ameanguka, muziki wa ushindi unalia, majina ya watengenezaji yanapita. Miaka michache baadaye sehemu mpya inaingia sokoni, na tangu mwanzo adui ni yuleyule, na silaha zilezile. Je, hadithi ya namna hiyo inasimama, ao ni uvivu tu wa waandishi?

Kundi lililoshindwa linaweza kurudi, na hadithi ikabaki na akili. Lakini kuna deni la kulipa: hadithi ionyeshe nani alibaki, alibaki na nini, na ushindi wa kwanza uliacha kazi gani bila kumalizwa.

Halo ni mfano wa deni lisilolipwa vizuri. Katika Halo 3, ya mwaka wa 2007, vita kati ya wanadamu na Covenant vinaisha. Prophet of Truth, kiongozi wa muungano huo, anauawa. Elites, ambao walikuwa askari wake hodari, walikwisha kumwacha tangu Halo 2 ya mwaka wa 2004. Muungano umevunjika. Lakini mwaka wa 2012, katika Halo 4, Master Chief anaamka baada ya zaidi ya miaka minne ya usingizi wa baridi, na wa kwanza kumshambulia ni Elites wanaopigana chini ya jina la Covenant. Mchezo wenyewe unapita juu ya jambo hilo kwa maneno machache. Aliyetaka kumwelewa Jul 'Mdama, kiongozi wa kundi hilo jipya, alipaswa kusoma riwaya kama Glasslands ya Karen Traviss. Kisha katika Halo 5, ya mwaka wa 2015, mtu huyo anauawa katika misheni ya kwanza kabisa. Alirudi bila kuelezwa, akaondoka bila kumuumiza mtu yeyote moyoni.

Gears of War ilifanya kazi nzuri zaidi. Mwisho wa sehemu ya tatu, mwaka wa 2011, mashine ya Adam Fenix inaangamiza Locust wote, na yeye mwenyewe anakufa. Katika Gears of War 4, ya mwaka wa 2016, miaka 25 imepita. Maiti za Locust zilitupwa katika mashimo ya migodi, na watu wakaamini mambo yamekwisha. Ndani ya ganda gumu lililozifunika, miili hiyo ilikuwa ikibadilika, na humo linatoka kundi jipya, Swarm. Gears 5, ya mwaka wa 2019, inakwenda mbali zaidi: Kait Diaz, mmoja wa mashujaa, anatambua kwamba ni mjukuu wa Malkia Myrrah, aliyewaongoza Locust. Adui amerudi kwa sababu walioshinda hawakuchunguza walichozika, na kwa sababu serikali yao ilificha asili ya adui huyo.

Kuna njia nyingine, isiyohitaji viumbe wa ajabu. Call of Duty 4: Modern Warfare, ya mwaka wa 2007, inaisha kwa kifo cha Imran Zakhaev. Modern Warfare 2, ya mwaka wa 2009, inaanza miaka mitano baadaye: wafuasi wake wametwaa utawala wa Urusi, yeye amegeuzwa shujaa wa taifa, na Makarov, mtu wake wa zamani, anaendeleza damu. Risasi ilimuua mtu, lakini haikuua hasira iliyomfuata.

Wanaowatetea watengenezaji wana hoja. Kuunda adui mpya, sura yake, sauti yake na namna yake ya kupigana, ni kazi ya gharama kubwa. Tena wachezaji wenyewe wanawapenda maadui waliowazoea. Hayo ni kweli, lakini yanaeleza biashara, hayaelezi hadithi. Dakika tano za maelezo mazuri ni gharama ndogo kuliko jeshi zima jipya.

Msomaji wa Kivu ao wa Ituri ana kipimo chake mwenyewe. M23 ilishindwa mwezi wa Novemba 2013, ikashika silaha tena mwezi wa Novemba 2021, ikaingia Goma mwezi wa Januari 2025. Hata jina lake linatoka katika makubaliano ya tarehe 23 Machi 2009 kati ya serikali na CNDP, kundi lililoitangulia. Watu wanabishana vikali juu ya nani alisaidia na nani hakutimiza kazi yake. Lakini hakuna anayesema kwamba kundi hilo lilishuka kutoka mbinguni. Kila mmoja anataja wapiganaji waliovuka mpaka, ahadi za mazungumzo, masilahi ya huyu na yule.

Ndiyo maana jambo hili si mchezo tu. Kijana anayekulia katika vita na kucheza vita kwenye skrini anafundishwa kitu kila mara adui anaporudi. Akirudi bila sababu, fundisho ni kwamba vita ni kama mvua: inanyesha, watu wanajificha, inanyesha tena. Akirudi kwa sababu ya kaburi lisilochunguzwa ao kiongozi aliyegeuzwa shahidi, kijana anajifunza kuuliza swali moja la maana: baada ya ushindi, nani alikuwa na kazi ya kufunga mlango, na kwa nini hakuufunga?

Waandishi wa michezo wasiogope kumrudisha adui wa zamani. Wamrudishe, lakini wamweleze ndani ya mchezo wenyewe, si katika kitabu kinachouzwa pembeni.