Kabla ya Pampu Chundwa, Kiwekwe Kihisi cha Chumvi

Maji baridi ya kisiwa cha Pate, Lamu, yanaelea. Mvua hupenya mchangani ikatulia juu ya maji ya bahari yaliyo chini, kwa kuwa maji yasiyo na chumvi ni mepesi zaidi. Wataalamu hukadiria kwamba palipo na mita 1 ya maji baridi juu ya usawa wa bahari, chini yake pana mita 40 hivi kabla ya kufikia chumvi. Hesabu hiyo ni neema, lakini pia ni onyo: kiwango kikishushwa kidogo tu, chumvi hupanda kwa kishindo.

Chundwa, kijiji cha wakulima jirani na Faza, kinaishi juu ya hesabu hiyo. Jabia za maji ya mvua zikikauka, watu hurudi kisimani. Anayeteka kwa ndoo huchota kidogo, na kisima hupata nafasi ya kupumua. Pampu ya sola haina subira hiyo. Huvuta tangu jua linapochomoza hadi alasiri, na ulimi wa mnywaji huja kugundua munyu wakati kisima kimekwisha kuharibika. Pampu ni nafuu kubwa kwa wanawake na watoto wanaobeba mitungi, na hakuna sababu ya kuwanyima. Ila isifungwe bila kihisi.

Kihisi cha chumvi ni kifaa kidogo: vyuma viwili vilivyotengana kwa nafasi ndogo, vikateremshwa majini kwa waya. Umeme hafifu hupitishwa kati yake, nao hugeuzwa mwelekeo mara kwa mara ili vyuma visiliwe upesi. Maji yenye chumvi nyingi hupitisha umeme kwa urahisi, yenye chumvi haba huuzuia. Kipimo chake huitwa maikrosimensi kwa sentimita: maji mazuri ya kunywa kwa kawaida huwa chini ya 1,000, ya bahari hufika 50,000 hivi. Kwa kuwa joto nalo huongeza namba hiyo, takriban asilimia 2 kwa kila digrii, kihisi cha joto huwekwa pembeni ili hesabu irekebishwe. Namba ikivuka mpaka uliowekwa, swichi huzima pampu yenyewe. Kisima hupumzika.

Hakuna uchawi hapo. Vihisi vya kielektroniki hugeuza jambo la duniani, liwe mwanga, joto, shinikizo au mwendo, kuwa badiliko la umeme linaloweza kuhesabiwa. Simu inayozima kioo ikisogezwa sikioni inafanya hivyo, na taa ya sola ya barabarani inayojiwasha magharibi vilevile.

Kenya ina ushahidi wake. Mwaka 2013, huko Kyuso, kaunti ya Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliweka vihisi vya mwendo ndani ya mikono ya pampu za kusukuma. Kila mkono ulipopanda na kushuka, kifaa kilihesabu, kisha kikatuma ujumbe mfupi kwa mtandao wa simu. Pampu ikinyamaza, fundi alijua. Muda wa kungoja matengenezo ukashuka kutoka siku 27 hivi hadi chini ya siku 3. Huko Kwale, pwani hii hii, watafiti hao walionyesha baadaye kwamba mtikisiko wa mkono wa pampu unaweza hata kukadiria kina cha maji ardhini.

Lakini kilichofanya kazi Kyuso ni kifaa pamoja na fundi aliyelipwa kwenda kutengeneza. Chundwa nako, hewa ya bahari hula waya, na utando wa kisimani hufunika vyuma mpaka vikadanganya. Lazima mtu avitoe, avisugue na kuvipima upya kwa maji yenye chumvi inayojulikana. Kihisi kisichosafishwa ni hatari zaidi kuliko kutokuwa nacho, maana kitawaambia watu maji ni salama.

Kwa hiyo kila mkataba wa pampu ya sola visiwani Lamu utaje kihisi cha chumvi, swichi ya kuzima, na fedha za usafishaji kwa miaka, si kwa siku ya uzinduzi tu. Takwimu zifike kwanza kwenye simu za kamati ya maji ya Chundwa, ndipo zipelekwe Mokowe kwenye ofisi za kaunti. Wanaokunywa maji hayo ndio wa kwanza kuamua pampu ilale siku ngapi.